Nakala ya Barua ya Fundi

Mashine ya fotokopi ilipata wino Jumatatu asubuhi, na karani wa masjala ya gereza akaanza kupunguza rundo la barua zilizosubiri nakala. Ya saba ikamkata maini.

Ilikuwa ya fundi cherehani, mzee aliyehukumiwa kifo. Serikali imeacha kamba, sasa ni sindano ya dawa, na sheria inampa mfungwa siku ishirini na moja za kupinga sindano hiyo, tangu asomewe barua ya kumjulisha. Lakini ofisini kwao barua haiendi selo bila nakala kubaki kwenye faili, na mashine ilikuwa kavu mwezi mzima. Karani aliiweka pembeni kwa mkono wake mwenyewe, akaisahau. Binadamu gani anasahau kitu kama hicho? Yeye.

Mkuu wa gereza, alipoambiwa, hakupiga hata kelele.

"Dada, daktari anakuja Alhamisi, na dawa imeshafika. Rudisha muhuri nyuma mwezi mmoja, mzee atie dole gumba, yaishe."

"Na haki yake ya kupinga?"

"Apinge nini? Si atakufa tu! Una watoto shuleni wewe, acha kimbelembele."

Vigurudumu vya tarehe kwenye muhuri vilikuwa vigumu. Akavisukuma kwa kucha, akagonga tarehe ya uongo. Aliona aibu hata mbele ya kiti chake.

Fundi alimpokea kwa tabasamu. "Kola yako imeachia, mama. Ungeniletea mapema." Kisha akaiona barua. "Nisomee, macho yangu yamechoka."

Akamsomea. Alipofika kwenye zile siku ishirini na moja, alizisoma polepole.

"Kumbe naweza kukataa?" fundi akauliza.

"Sheria inasema hivyo, mzee."

"Basi nakataa. Yule aliyechomwa sindano mwezi uliopita tulimsikia upande wa pili wa ukuta. Walianza naye baada ya uji, na chakula cha mchana kikaletwa bado analia. Kama ni kufa, nife mara moja. Andika, mama."

Akaandika nyuma ya barua, neno kwa neno. Fundi akatia dole, akafuta wino kwenye suruali.

"Mungu akuzidishie. Mwingine angenificha."

Heri angemtukana.

Mkuu aligeuza karatasi, akaangalia muhuri. "Amechelewa. Weka kwenye faili."

Karani alirudi mezani. Kisha akavisukuma vile vigurudumu mpaka tarehe ya leo, akagonga pembeni ya ule muhuri wa kwanza, akaandika: *Amesomewa leo. Aliyechelewesha ni mimi.* Akatia saini. Akatoa nakala moja ya faili, na barua yenyewe akaiweka kwenye mkoba, akaenda mahakamani kwa miguu.

Karani wa mahakama aliisoma, akaguna.

"Makubwa haya! Haya, iache hapo juu ya rundo, mama."

"Alhamisi wanamuua."

"Nimeona. Lakini haiingii kwa jaji bila nakala, na mashine yetu haina wino. Labda wiki ijayo."

Karani wa gereza hakuiacha. Alivuta kiti, akaomba karatasi na kalamu, akaanza kuinakili kwa mkono. Dakika kumi tu, akawa amemaliza. Akazitazama zile karatasi mbili, na machozi yakamtoka. Mwezi mzima kalamu ilikuwa mezani kwake.