Herufi ya Kukataa

Mganga hajigangi, na fundi wa kompyuta ndiyo kabisa. Binti mkubwa wa nyumba hii, ambaye ndugu na majirani walimwita Fundi tu, kazini alikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyegusa mtambo kabla ya kuweka nakala. Lakini Jumamosi ile alikuwa kwa wazazi wake, miguu juu ya stuli, akiweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya baba yake, na kwa wazazi mtu hulegea.

Kompyuta yenyewe ndiyo ilikuwa koo la Mzee. Enzi zake alikuwa mpiga mnada, mtu wa kuuza kabati bovu kwa maneno matupu, mpaka uvimbe ulipomwota kooni na madaktari wakasema sauti itakwenda nao. Kabla ya upasuaji, kitinda mimba wa nyumba, ambaye kwa ujuaji wake walimbandika jina la Profesa, alimfungia baba yake chumbani akamrekodi maneno kwa maelfu, kisha akamtengenezea programu. Mzee akiandika, kompyuta inasema, kwa sauti yake mwenyewe, na mikwaruzo yake na majivuno yake yote. Mama humjibu kutoka jikoni kama zamani, na siku nyingine hugombana nayo vizuri tu.

Sasa daktari alitaka kumwona Mzee kwa video, na mfumo ulikuwa umezeeka mno kwa mambo hayo. Fundi akaanza kazi, Mzee akaenda kuoga. Haukupita muda mambo yakagoma. Ili spika zitoe neno, programu ya Mzee ilitegemea kifurushi fulani cha zamani, kijiprogramu kisaidizi kinachokaa ndani ya mfumo. Mfumo mpya ulitaka kifurushi hichohicho, lakini toleo la sasa, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Fundi akacheka, maana ugomvi wa aina hii ndio unaomlisha. Dawa aliijua: kuifunga programu ya Mzee isiguswe, kukitengea kifurushi chake cha zamani chumba cha peke yake, ndipo mfumo upite. Ila kwanza akataka kuona mfumo wenyewe ungeamuaje.

Mfumo ukajibu kwamba utaiondoa programu ya sauti pamoja na kila kilichomo ndani yake. Chini yake ukauliza: Endelea? N/H.

Fundi alishtuka. Endelea nini tena? Akabonyeza N haraka, asije akachelewa.

Mitambo yote aliyopata kuishika huuliza kwa Kiingereza, na huko N ni kukataa. Lakini Profesa, kwa kumheshimu baba yake, alikuwa ametafsiri maswali yote ya kompyuta hii, ili Mzee asihojiwe kwa lugha ya watu ndani ya nyumba yake. Hapa, N ni Ndiyo.

Mistari ikaporomoka kwenye kioo. Fundi alibonyeza kila kitufe cha kusimamisha, na alipofaulu neno lilikuwa limeshaandikwa: imeondolewa. Nakala alikuwa ameweka, ndiyo, ya picha na barua za Mzee. Sauti haikuwemo, kwa sababu Profesa aliishindilia ndani ya programu yenyewe. Akajaribu kuifukua, akakuta mfumo mpya umeshajilaza juu yake. Akampigia simu mdogo wake, akamweleza kwa sauti ya chini.

Profesa akasema, "Dada, si una nakala wewe?"

"Mimi? Aliyerekodi nani?"

"Kompyuta yangu yenye rekodi si iliibiwa? Sikuwa na wasiwasi. Nilisema, fundi ni wewe, lazima umeweka."

Mlango wa bafu ukafunguka. Mzee akatoka na taulo begani, uso unang'aa, akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta. Fundi alifumbua mdomo amwambie. Badala yake akainuka kumpisha. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ya upasuaji.

Mzee, kwa utani wake, akaandika, akabonyeza. Kijana mmoja asiyejulikana, sauti ya kiwandani iliyokuja na mfumo mpya, laini, haina mkwaruzo, akasema, "Hodi wenyewe."

Mkono wa Mzee ukabaki hewani. Akaitazama kompyuta, kisha akamtazama binti yake, na binti akaangalia sakafu.

Jikoni maji yakafungwa. "Karibu, mwanangu," Mama akaitikia, kwa upole anaowawekea wageni. "Kaa hapo. Mwenyewe yuko bafuni, anatoka sasa hivi."