Ndevu za Siku Nne

Winifrida aliingia na sufuria ya ndizi nyama, akamtazama mwenyeji wake usoni, machozi yakamlengalenga.

"Boniface, mdogo wangu! Hata kunyoa huwezi?"

Kwenye kitambulisho, huyo Boniface aliitwa Benedicta, mwanamke, tangu mwaka jana. Watanzania wenzake wa mtaa wa Bredäng, huko Sweden, ndio walikuwa hawajaambiwa. Alivuta shali akafunika kidevu. Siku nne hajanyoa, hajaenda kazini, hajatazama kioo, maana fundi wa sindano ya umeme anataka ndevu zitokeze ndipo azishike moja moja na kuua mizizi. Miadi ilikuwa kesho.

Mkoa, unaosimamia hospitali, ulimlipia dawa, daktari, na mikupuo iliyoruhusiwa ya mashine ya mwanga ya kuchoma ndevu. Ndevu zilizobaki, barua ilisema, agharamie mwenyewe. Ndiyo maana aliwaomba wenzake wa upatu wamsogezee zamu. Walipouliza za nini, akajibu neno moja tu: matibabu.

Hapo ndipo alipojiponza. Kila mtu anajua hospitali za Sweden zinalipiwa kwa kodi. Anayejitafutia hela ya matibabu, basi madaktari wamemkatia tamaa. Siku hiyohiyo Winifrida, mweka hazina, alifungua mchango na kusambaza picha ya zamani, Boniface ndani ya suti, na maneno: Tumwombee kaka yetu. Picha ikafika mpaka Karagwe, kwa mama yake. Watu wema wana haraka jamani.

"Imepatikana yote, na imezidi," alisema Winifrida. "Mama yako naye ameuza mbuzi wake wawili. Anasema usimrudishie, upone tu."

Benedicta alihisi aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. "Dada Winifrida, mimi siumwi hivyo mnavyo..."

"Usijikaze. Nimemwahidi atakuona." Simu ya video ilikuwa imeshaita.

Mama alitokea, kitenge kichwani, macho karibu kabisa na kioo. "Toa hiyo shali nikuone."

Akaitoa. Ukweli ulikuwa mdomoni, na Winifrida alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, analia kimyakimya. Angeusema ukweli, angempoteza mama mbele ya shahidi.

"Loo," mama alisema, sauti ikamlainika. "Umekuwa baba yako mtupu. Nilidhani sura ile sitaiona tena." Akafuta kioo kwa kidole. "Utapona, mwanangu?"

"Nitapona, mama."

Mama akamwomba Winifrida aisogeze simu kidogo, aone vizuri kidevu.

Kesho yake Benedicta alilala chali chini ya taa kali. Mbuzi wawili walitosha kulipia saa moja. Fundi alipofika kidevuni, machozi yalimtiririkia masikioni, naye fundi akauliza kama apunguze umeme.

"Usipunguze," alisema.