Mguu wa Breki

"Shikilia," Baba akasema kutoka chini ya gari, nami nikashikilia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari lake la spoti, mguu wangu wa kulia umeizamisha pedali ya breki mpaka sakafuni, na gari lenyewe lilikuwa limeinuliwa juu ya vigogo, halina hata gurudumu moja. Sikuruhusiwa kukalia kiti kile katika hali nyingine yoyote. Tulikuwa tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki, kazi inayotaka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini na spana yake. Wa chini anafungua nati ndogo, mafuta yanatoka pamoja na upepo, anaifunga. Maneno ni matatu tu, kanyaga, shikilia, achia. Ukiachia kabla nati haijafungwa, upepo unanyonywa tena ndani na kazi inaanza upya. Kwa hiyo huachii mpaka uambiwe, hata ukibanwa na chafya.

Siku hiyo sikuambiwa. Nilimsikia akitoka chini ya gari, akajipangusa mikono, akaenda zake getini. Huko akakutana na jirani yetu, fundi cherehani, wakaanza mambo ya mpira. Nilisikia kicheko chake. Nikajua amenisahau, na nikajua pia kwamba nikimwita nitaonekana nimeshindwa. Paja likaanza kutetemeka. Nikalikandamiza kwa mikono miwili. Jua lilitoka kwenye boneti, likapanda kioo, likaja kukaa mapajani mwangu, na bado nilikuwa nimekanyaga. Mama aliporudi kutoka sokoni alisimama dirishani na kikapu chake.

"Unafanya nini humo peke yako?"

"Usinisemeshe, Mama. Nati iko wazi."

Aliutazama mguu wangu, kisha akaenda getini. Baba alikuja na yule jirani, kifua mbele.

"Si nilikwambia?" akamwambia mwenzake. "Huyu akiambiwa shikilia, anashikilia." Kisha akainama dirishani. "Achia, Mguu. Nati niliifunga kabla sijatoka. Nilitaka kuona tu."

Jirani alicheka kidogo, cheko la adabu. Mimi nikasema, "Sikuachia, Baba," na aibu yangu mpaka leo ni kwamba nilisema kwa fahari. Kisha nikanyoosha mkono, maana alikuwa ameniahidi kwamba siku nikiifanya kazi hii bila kosa atanipa ufunguo, niendeshe mpaka mwisho wa mtaa na kurudi.

"Kesho," akasema.

Mguu ndilo jina alilonipa. Jina langu halisi alilitumia kwenye fomu za shule tu.

Gari lilikuwa la milango miwili, fupi kwa kimo, jekundu lililopauka mgongoni, na taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti mpaka ziwashwe ndipo ziinuke. Ya kushoto ilichelewa kuinuka kila siku. Baba alikuwa karani wa mahakama mwenye mkono wa birika, lakini gari hilo alilinunua likiwa limeshapitia mikono ya watu watatu, kwa akiba ambayo Mama alidhani ni ya kuezeka nyumba upya. Mama aliliita Bi Mdogo. "Bi Mdogo kala nini leo?" angeuliza, nasi watoto tungejua limenunuliwa plagi mpya na sisi tutakula tulichokula jana.

Alilipenda, sikatai. Alizikata springi zake kwa msumeno wa chuma, pete moja kila upande, ili likae chini zaidi, na tangu siku hiyo likawa linakwaruza tumbo kwenye kila tuta. Alifunga ekzosi nene. Tukawa tunamsikia akiwa bado mitaa miwili mbali, tukapata muda wa kunyoosha nyuso. Na kichwa cha fimbo ya gia alikichonga mwenyewe kwa mti mgumu, mwezi mzima, akakipiga msasa na kukipaka mafuta mpaka kikang'aa. Sikuwahi kuiona mikono yake ikishika kitu kwa upole namna ile. Nilikionea wivu kipande cha mti, na sijui kama kuna wivu wa kijinga zaidi ya huo.

Kaka yangu, ambaye hata leo hawezi kutofautisha spana na kijiko, alipewa ufunguo siku alipotimiza miaka kumi na minane. Alirudi ubavu wa kushoto wa gari umechubuka wote. Baba alicheka, akasema wanaume hujifunza hivyo. Ubavu tuliunyoosha mimi na Baba, Jumamosi tatu mfululizo, na nilipouliza zamu yangu nikapata jibu lilelile.

Nikaondoka nyumbani nikajifunza breki. Sasa nina karakana yangu, na ndani yake hatufanyi kingine ila breki. Watu hudhani naipenda kazi hii. Naijua, basi. Nina pampu inayonyonya upepo yenyewe, bila mtu wa kukanyaga, na kwa pampu hiyo namaliza magurudumu manne peke yangu kabla chai haijapoa. Naomba hiyo pampu ikumbukwe.

Kiharusi kilimpata Baba akiwa na miaka sabini na moja, kikachukua upande wote wa kulia: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Maneno yalibaki machache na yalitoka yakiburuzwa. Lakini ufunguo wa gari alikuwa ameuning'iniza shingoni kwa kamba, chini ya fulana, na Mama alipotaka kuivua kamba ili amwogeshe, mzee alimng'ata mkono. Kaka alipiga simu kutoka huko aliko, akalia sana, akakata.

Mimi nilianza kwenda kila Jumapili. Nilimwambia Mama nataka kulifufua gari, mzee afurahi. Ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka aone. Nililisukuma mpaka mbele ya dirisha la chumba chake, Mama akamwegemeza kwenye mito, nami nikaanza. Nilitoa springi alizozikata, nikaweka nyingine zilizotengenezwa fupi kwa vipimo, vidole viwili tu, si kwa msumeno. Nikang'oa ekzosi. Nikabadilisha usukani, nikaweka mdogo zaidi. Nikafunga diski pana na mabomba mapya ya breki. Kila nilichokitoa nilikiinua juu akione, kisha nikakitupa kwenye rundo la vyuma chakavu kwa kishindo. Alikuwa akigeuza uso, lakini shingo yake iligeukia upande mmoja tu, na upande huo ndiko nilikokuwa.

Kichwa cha gia nilikiacha cha mwisho. Nilikifungua polepole, nikaweka cha alumini, nikaingia ndani na kumtia kile cha mti kwenye kiganja kilichokufa.

"Mtaalamu wa mazoezi kasema uminye kitu, Baba. Minya hiki."

Machozi yalimtoka jicho moja. Nilirudi kwenye gari nikipiga mluzi.

Ufunguo ningeweza kuchongesha mwingine siku yoyote. Sikutaka. Nilitaka anipe kwa mkono wake, na nilikuwa tayari kumkalia kooni mpaka anipe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya kutoa upepo. Yule mtaalamu alikuwa ameagiza mgonjwa akanyage mto kila siku, aamshe mguu. Nikamwambia Mama, badala ya mto akanyage pedali, si ni mazoezi yaleyale? Tulimbeba sote wawili, yeye miguu, mimi makwapa. Alikuwa mwepesi kuliko injini yoyote niliyowahi kuinua. Tulipomkalisha kwenye kiti cha dereva aliushika usukani kwa mkono wa kushoto, na nusu ya mdomo wake ikacheka. Alidhani tunakwenda matembezi. Hata kwamba magurudumu hayapo hakuliona.

"Utanisaidia kutoa upepo, Baba," nikamwambia. "Wakumbuka?"

Pampu ilikuwa karakana. Niliiacha makusudi.

Nikaingia chini, nikaanza na gurudumu la nyuma kushoto, maana ndilo lililo mbali zaidi, kama alivyonifundisha. Nikavisha nati mpira mwembamba unaoonyesha ndani.

"Kanyaga."

Nilisubiri nimelala chali, nikiutazama ule mpira.

"Kanyaga, Baba. Mguu wa kulia."

Nilisikia pumzi zake, kisha kitambaa kikisuguana na kiti. Baadaye nilikuja kuona alichofanya: alilishika goti lake bovu kwa mkono mzima, akalilalia kwa bega, akausukuma mguu chini kwa uzito wa mwili wote. Mafuta yakaja kwenye mpira, yamejaa mapovu. Nikafunga nati.

"Achia."

Tukarudia. Kufikia mara ya tano alikuwa ameshapata mwendo wake; nilimsikia akihesabu chini kwa chini. Kufikia ya tisa mafuta yalikuwa yanakuja safi. Na alikuwa na furaha. Hilo sikulitarajia, na lilinipandisha hasira. Nilimleta pale ateseke, naye anajiona fundi.

"Kanyaga," nikasema mara ya kumi. "Shikilia."

Nikafunga nati. Nikatoka chini, nikajipangusa mikono, nikaingia ndani kunywa chai.

Mama alikuwa mezani. "Baba yako yuko wapi?"

"Ananisaidia."

Aliinuka akaenda dirishani. Alisimama pale kitambo, mgongo kwangu, mkono mmoja umeshika pazia. Sina shaka alielewa, maana aliwahi kuyaona haya kwa macho yake, na kikapu mkononi. Nilingoja aniambie nimevuka mpaka. Angesema neno moja tu ningekimbia nje, na ningemshukuru. Alirudi mezani, akachukua kikombe changu kilichokuwa nusu, akakijaza mpaka juu.

"Kunywa," akasema. "Bado ya moto."

Tukanywa. Akanieleza paa linavuja wapi siku hizi, chumba hadi chumba, taratibu, bila kuacha hata kona moja. Alipomaliza akaanza habari za bei ya mabati.

Nilipotoka, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye boneti. Baba alikuwa amelala juu ya goti lake vilevile nilivyomwacha. Kucha za mkono wa kushoto zilikuwa nyeupe. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, mate yamefika kidevuni, na kiti kilikuwa kimelowa chini yake, kiti kilekile alichokuwa akikipangusa kila wiki kwa kitambaa ambacho sisi tulikatazwa kukigusa. Nilisimama dirishani. Nilikuwa na sentensi yangu, niliitunza miaka ishirini na tisa: nati niliifunga kabla sijatoka, nilitaka kuona tu.

Aliinua macho.

"Sikua... chia," akasema.

Nusu ya uso wake iliyobaki hai ilikuwa na fahari. Sikuona chuki humo, wala lawama, na niliitafuta sana. Sijui kama alikumbuka. Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na sijui. Sentensi yangu sikuisema.

"Achia, Baba."

Mkono ulichukua muda kufunguka kutoka kwenye goti. Ulipofunguka haukupumzika, ulipanda kifuani, ukaingia ndani ya shati, ukaivuta kamba. Kamba ikanasa kwenye sikio. Sikumsaidia. Akahangaika nayo mwenyewe, akaivua, akaninyooshea ufunguo, ukining'inia na kutetemeka kati yetu.

"Twende," akasema. "Wewe. Ende... sha."

Kumalizia upepo, Mama akikanyaga, na kuyarudisha magurudumu ilikuwa kazi ya saa moja tu. Mtaa ulikuwa mtupu, na mwisho wake ulionekana kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nikaupokea ufunguo. Ulikuwa na joto la kifua chake.

"Kesho," nikasema.

Alikubali kwa kichwa, kama mtoto mtiifu. Tukambeba na Mama tukamrudisha ndani, tukamwosha, na mimi nikaondoka na ufunguo mfukoni.

Sikwenda kesho yake. Sikwenda hata Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Mama aliniambia kwenye simu kwamba kila asubuhi mzee anadai kuvishwa viatu, kisha anakaa navyo dirishani mpaka chakula cha jioni. Hakuniambia kwa kunilaumu. Aliniambia tu, kisha akauliza karakana inaendeleaje. Baba alifariki wiki ya sita, viatu vyake vikiwa miguuni.

Baada ya mazishi nilipeleka gari la kuvuta likalichukua lile la Baba, nikaliingiza karakana, nikamaliza magurudumu matatu yaliyobaki kwa pampu. Kisha nikarudi kwenye lile la nyuma kushoto. Nilitaka kulirudia lote tangu mwanzo, kwa kuwa kazi ya mgonjwa haiaminiki. Nikavisha mpira, nikafungua nati, nikanyonya kwa pampu kikombe kizima huku nimeukazia macho ule mpira. Yalitoka mafuta matupu. Halikupita hata povu moja.