Mkasi na Bibi Vijiko

Jina la Mkasi alipewa na dada yake, na wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kukata. Mama yao, mwalimu mstaafu, alifundisha hesabu mtandaoni kwa vijiko vya jikoni. Yeye kijana alisimama nyuma ya kamera, kisha akakaa kwenye kompyuta kupunguza kila kisichotakiwa. Watoto wa watu walimwita mama huyo Bibi Vijiko.

Chaneli yao ilikuwa na masomo ya marika matatu, na mama alikuwa na kitambaa cha kichwa kwa kila rika. Cha njano kilikuwa cha wadogo kabisa, wale wa kuhesabu mpaka kumi na kujipigia makofi. Cha buluu kilikuwa cha wanafunzi, na cha kijani cha watu wazima ambao shule iliwapita pembeni, wanaotaka kujua asilimia ni nini bila kuchekwa na mtu. Sebule ilikuwa ile ile, kochi limesukumwa ukutani na shuka jeupe limebanwa kwa vibanio vya nguo, lakini akibadilisha kitambaa alibadilika mzima, sauti, mabega, hata cheko.

Tatizo, kwa maoni ya Mkasi, lilikuwa moja tu. Mama hakujua kuongea na kamera. Alikuwa akiongea na mwanawe. Katikati ya somo, kijiko kikiwa hewani, anasimama na kuuliza, "Wewe, umekula?" Au, "Mbona unasimama kwa mguu mmoja, kiatu kinakubana?" Au anaingia kwenye kisa cha marehemu baba na saa yake iliyokufa, aliyoendelea kuivaa kwa ajili ya heshima, na anacheka mpaka kitambaa kinalegea.

"Mama, ongea na watoto, usiongee na mimi," Mkasi alikuwa akisema, na si kwa upole kila mara.

"Kwani wewe si mtoto?"

"Nitaikata hiyo."

"Kata, baba, kata. Mkasi haushibi."

Naye alikata kweli kweli. Mtoto wa miaka minne hana subira, alisema. Ukimzubaisha kidogo ameshahamia kwa mwingine. Alikata "umekula", akakata vikohozi na vicheko, akamkata baba yake na saa yake. Kilichobaki kiling'aa. Na diski ilipojaa alifuta vipande vyote vilivyokatwa, maana nani anatunza maganda baada ya kumenya? Watazamaji waliongezeka, na hapo mimi simlaumu. Kazi aliijua.

Kisha mama akapata kiharusi. Akili ilibaki timamu, mkono wa kushoto ukabaki na nguvu, masikio yakasikia kila kitu, ila maneno hayakutoka. Anafungua mdomo, inatoka "a", basi. Anaufunga na kutazama pembeni kwa aibu, yeye aliyewafundisha watoto wa watu kusema moja, mbili, tatu.

Mtaalamu wa matamshi, msichana mpole mwenye viatu vya raba, aliwaita Mkasi na dada yake.

"Siwezi kuahidi kitu," alisema. "Lakini wapo wagonjwa ambao maneno ya mazoea huwatoka kabla ya mengine. Yale anayoyasema nyumbani bila kufikiri. Nileteeni sauti yake akiyasema, ajisikilize, ajaribu kufuatisha."

Dada alicheka, mara ya kwanza tangu mama augue. "Sauti? Huyu hapa ana sauti ya mama ya kujaza ghala."

Mkasi alirudi nyumbani na furaha yake, maskini, akijua dawa iko kabatini mwake.

Akafungua video ya njano. "Moja, mbili, tatu, hongereni watoto." Akafungua ya buluu, akafungua ya kijani, akaendelea hivyo mpaka chai ikapoa na nyingine ikapoa. Alikuwapo mama msafi, mama asiyekohoa, mama asiyemwuliza mtu chochote. Kila alipovuta pumzi aseme jambo la kwake, picha iliruka, na Mkasi aliufahamu kila mruko, kwa kuwa ni wa mkono wake. Mahali pamoja tu alisikia "We..." kisha kijiko kikagonga meza na somo likaendelea. Aliirudia hiyo "We..." mara nyingi, mwisho akainamia meza na kulia.

Hata ujumbe wa sauti kwenye simu haukuwapo. Mama hakuwahi kutuma. Alisema kuongea na asiyejibu ni mwanzo wa wazimu. Hapo ndipo Mkasi alipoelewa kwamba mama hakuwahi kuipenda ile kamera hata siku moja. Aliivumilia kwa sababu nyuma yake alisimama mwanawe.

"Hakuna hata moja?" dada aliuliza.

"Nilizifuta."

Dada alimtazama, asimtukane. Afadhali angemtukana. Maji yakimwagika hayazoleki, na wote wawili walilijua hilo.

Mtaalamu alijaribu na zile za kuhesabu. Mama aliisikiliza sauti yake mwenyewe kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni, wala hakufuatisha.

Mchana mmoja, mama akiwa kitandani na bakuli la chakula kando yake, Mkasi aliamua kwamba atarekodi hata hiyo "a", na hatakata hata pumzi. Akainua simu. Mama alipoiona, jamani, akajinyoosha kwenye mto, akaweka sawa kitambaa kwa mkono wake mmoja, akavaa tabasamu lililopanda upande mmoja tu, na kuinua kidole. Moja. Macho yake yalitazama simu, hayakumtazama mwanawe. Alikuwa amefunzwa akafunzika.

"Hapana, mama," Mkasi alisema. "Ongea na mimi."

Mama akatikisa kichwa na kuionyesha simu, kana kwamba kumjibu sasa ni kuharibu kazi.

Mkasi akaizima, akaiweka sakafuni. Tabasamu la kazini likamtoka mama polepole. Akamtazama mwanawe kuanzia viatuni mpaka kwenye mashavu yaliyobonyea, akakusanya vidole vyake vitano, akavipeleka mdomoni, kisha akamnyooshea yeye.

"Sijala, mama," Mkasi alisema. Miaka yote ile hakuwahi kumjibu swali hilo.

Mama akapiga kitanda kwa kiganja, kwamba aketi. Akamsukumia bakuli lake mwenyewe na kijiko chake. Mkasi akala chakula cha mgonjwa, akilia na kumeza, na kwa kila kijiko kilichoingia mdomoni mama aliinua kidole kimoja zaidi, akihesabu.