Kabichi za Mlimani

Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa Vasta aliishi na mume asiyesema. Mumbere alikuwa mpagazi wa watalii. Akirudi kutoka mlimani alivua mabuti yake ya mpira mlangoni, akala, akalala, na kesho yake akashika jembe. Ukimwuliza safari ilikuwaje, jibu lilikuwa lile lile: "Tumerudi salama." Basi Vasta akawa anasema kwa ajili ya wote wawili, kanisani, msibani, hata siku wakwe walipokuja kumposa binti yao Gorret. Watu wa Kitswamba walijua kuwa mwenye maneno katika nyumba ile ni Mama Gorret.

Mwaka huu goti la Mumbere lilikataa. Daktari wa Kasese alilibonyeza mara mbili tu, akasema mizigo basi. Wenye kambi za mlimani wakamwita aje kuwaaga wenzake, apande mikono mitupu, na aje na mtu mmoja wa kwake alale huko kama mgeni. Vasta alidhani atamchukua mkwe wao. Siku mbili kabla ya safari, Mumbere akamwuliza akiwa amempa mgongo, akifunga mlango wa zizi la mbuzi:

"Wewe utakuja?"

Alikwenda. Siku ya kwanza walipita mashamba ya kahawa na msitu, wakalala kambi ya chini miguu ikiwaka moto. Siku ya pili ilikuwa matope. Mumbere alikuwa ameubeba mfuko wa mkewe tangu mwanzo.

"Goti lako, Baba Gorret!"

"Goti ni langu," akasema, akaendelea kupanda.

Mchana ukungu ulifunguka kidogo na Vasta akasimama. Kando ya njia ilisimama miti asiyowahi kuiona, mashina manene kama viuno vya watu, na juu ya kila shina fundo kubwa la majani mapana yaliyofumbana.

"Baba Gorret, tazama! Kabichi zenye shina! Hizi ukizipeleka soko la Bwera utazikata kwa shoka!"

Mumbere alimtazama kitambo, kama mtu anayengoja neno jingine. Neno halikuja. "Twende," akasema. "Mvua inakaribia."

Kambi ya juu ilikuwa nyumba ya mbao na bati iliyoegemea mwamba. Mlangoni alisimama mpishi, Okello, mtu wa Gulu aliyewahi kuwa askari. Alipomwona Mumbere alibana visigino, akapiga saluti na mwiko mkononi.

"Afande Mumbere!"

Mumbere akacheka. Kicheko hicho Vasta aliwahi kukisikia, lakini zamani sana, kabla hawajaoana.

Jioni walikaa karibu na jiko la chuma, soksi zikifuka mvuke kwenye kamba juu yao. Okello alipakua posho, ugali wa mahindi, na maharage, na Mumbere akaanza kusema. Alisema Kiswahili, maana Okello hakujua Lhukonzo, lugha ya nyumbani kwa Mumbere. Alisimulia habari ya mtalii aliyeogopa kuvuka daraja la miti mpaka wapagazi wamwimbie wimbo wa kanisani. Wakaimba beti nne wakiwa na mizigo kichwani, na alipofika ng'ambo akaomba warudie ubeti wa pili, alikuwa ameupenda. Mumbere aliigiza magoti ya mtalii yakitetemeka. Okello aliangua kicheko mpaka akaweka sahani chini. Vasta naye alicheka, lakini kifuani kitu kilimchoma. Alijisikia kama mke aliyegundua kwamba mumewe ana nyumba nyingine, na kwamba furaha yote anaiacha huko.

Mumbere alipotoka kwenda kuwasalimu wapagazi katika banda lao, Vasta alimgeukia mpishi. Yeye alikulia Bwera, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani.

"Huyu mutu, siku zote iko anasema hivi?"

"Kila siku, mama. Huyu ndiyo redio yetu."

"Nyumbani hasemake."

Okello alikoroga chai. "Aliniambia sababu yake. Mwaka ya kwanza alirudi nyumbani akasema ameona kabichi refu kupita nyumba. Ndugu ya bibi yake wakamucheka, wakamupa jina Kabichi. Hata bibi mwenyewe akamwita hivyo, kwa..." Mwiko ukasimama. Akamtazama Vasta. "Mama, pole. Mudomo yangu."

"Hapana," Vasta akasema. "Umesema kweli."

Yote yakamrudia. Krismasi kwa wazazi wake, kaka zake wamejaa sebuleni, naye bibi arusi mpya anayetaka kuwafurahisha. Alicheka kuwashinda. Mwaka mzima alimwita mumewe mezani, "Kabichi, njoo ule." Kisha akasahau. Mtenda husahau, mtendewa hukumbuka.

Kwa ajili ya goti Mumbere alilala kitanda cha chini, Vasta akapanda cha juu. Mvua ilipiga bati. Alingoja mpaka Okello azime taa upande wa pili.

"Baba Gorret. Nilikucheka."

Akasogea ukingoni mwa kitanda.

"Leo nimeziona kabichi zako. Nisamehe."

Mbao za kitanda zikalia. "Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa mtoto."

"Sikukasirika," Mumbere akasema. "Niliona tu kwamba nikiyapeleka maneno ya huku nyumbani, yanaharibika. Nikayaacha huku."

Vasta alikuwa na mengi ya kujitetea. Yalifika ulimini, akayazuia. Alishusha mkono gizani, na baada ya muda mkono mwingine, mgumu kama gome, ukaushika.

Asubuhi wapagazi waliimba, Mumbere akawashukuru kwa maneno machache, Okello akageuka kufuta macho akisingizia moshi. Njiani kushuka goti lilimuuma Mumbere sana. Vasta aliuchukua mfuko, naye hakubisha. Walipofika kwenye mianzi waliketi juu ya gogo, na bila kuulizwa Mumbere akaanza: siku aliyopotea peke yake ukunguni na mzigo wa masufuria, akayagonga kutwa nzima ili asikiwe, huku analia kama mtoto.

Vasta alifungua kinywa kuuliza, akakifunga. Mumbere akakatiza, akamtazama usoni kama anayengoja kuchekwa.

"Ukayagonga kutwa?" Vasta akauliza kwa upole.

"Kutwa. Hata chai haikupikika tena, masufuria yalikuwa yametoboka." Wakacheka pamoja.

Mumbere hakugeuka redio ya Kitswamba. Zipo jioni anazokula na kulala kama zamani, na Vasta anamwacha. Lakini zipo nyingine ambazo Gorret akipiga simu, mama yake humwambia, "Piga baadaye kidogo, baba yako anasema."