Barua ya Balozi Selemani

Mimi simsingizii mtu. Mume wangu Saidi mgonjwa, mtaa wetu mzima wa Ng'ambo unajua. Unamsema tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hajibu, anakanyaga cherehani tu. Mwenye akili timamu hanyamazi hivyo!

Sasa Maua, mwanangu wa pekee, kajifungua kule Kanyenye, arobaini ya mtoto Ijumaa. Akaleta salamu: "Mama asije mpaka mgonjwa wa nyumba ile atibiwe." Wallahi nililia. Mjukuu wangu sijamshika hata mara moja! Basi nikaamua Saidi aende kwa daktari wa akili.

Miaka ile ya Ujamaa huendi popote bila barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu Selemani akaandika, akaifunga, akanikabidhi. Kusoma sijui. Kisomo cha watu wazima nilikiacha siku ya tatu, mwalimu, kitoto kile, aliponisahihisha mbele za watu.

Daktari Masolwa, kijana wa Nzega, ana adabu. "Shikamoo mama." Akasoma barua. Daktari akamwuliza Saidi swali moja tu, mimi akaniuliza maswali chungu nzima. Majirani? Wabaya. Mawifi? Wachawi. Batuli, shoga yangu wa utotoni? Nyoka.

"Kuna ugonjwa usio na vidonge," akasema. "Tabia ya mtu imejikunja tangu ujana. Anaumiza wenzake, naye anajiona ndiye anayeumizwa. Tiba yake mazungumzo, tena ya muda mrefu."

"Umesikia, Saidi?"

Saidi akainama.

"Mama," akasema daktari, "balozi ameandika kwamba mleta barua ndiye mgonjwa."

Kha! Nilimtukana yeye, nikamtukana Selemani na ukoo wake. Akangoja nimalize. "Njoo Alhamisi," akasema, "na kosa moja lililo lako."

Siku tatu natafuta. Alhamisi nikamwambia, "Nimelipata. Niliacha kisomo. Ningejua kusoma, barua ile ningeichana palepale mlangoni kwa Selemani."

Akacheka. "Haya, tuanzie hapo. Mwalimu alikukosea nini?"

Nikafungua mdomo nimseme yule kitoto. Nikaikumbuka siku ile. Nilikuwa nimeandika vibaya, naye alinionyesha, basi. Nikaona aibu, machozi yakanitoka.

Ijumaa Saidi alikwenda Kanyenye peke yake. Alirudi jioni, shati linanukia ubani na mtoto mchanga. Maneno yalinijaa kifuani, mengi, ya kumtosha mpaka alfajiri. Nikasogea, nikalinusa bega lile, nikanyamaza.