Anayetazama Koo

Mtu nisiyemjua aliingia uani kwetu Buyenzi Jumatatu mchana, akiburuta mguu wenye bandeji chafu. Alijitaja: Népomuscène, mkulima wa mpunga, Buterere. Risasi ilimpata pajani siku nyumba yake ilipochomwa, mkewe akiwa ndani.

"Bila aspirini silali," alisema. "Nikimeza, tumbo linawaka. Wanasema we ndiye Houda, mutoto wa chuo mwenye dawa ya panya."

Nilicheka, mara ya kwanza wiki ile. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita, nami nilirudi nyumbani na chupa za dawa niliyokamua kutoka majani ya umuravumba, kichaka cha dawa cha kwetu. Panya walionyweshwa dawa hiyo kabla ya aspirini, matumbo yao yalibaki safi. Waliopewa aspirini tu walijaa vidonda.

"Inalinda tu, mzee. Ukitapika damu, nenda hospitali."

"Na kile kizuizi cha njiani? Sitafika."

Nilimpa kikombe. Hakukipokea.

"We onja kwanza."

Kwa Warundi, anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Niliona aibu kusahau. Nikanywa funda moja, naye akamaliza.

"Alhamisi nitakuletea nyingine kwako," nikasema. "Nami nitaonja kwanza. Wallahi."

Jumanne jioni mwezi wa Ramadhani ukaandama. Sikuwa nimeukumbuka.

"Mpelekee baada ya futari," mama alisema.

"Jioni wanajeshi wanafunga njia, mama."

"Basi onja uteme. Hata mpishi anaruhusiwa."

Alhamisi nilikwenda Buterere kwa miguu. Kwenye daraja la Ntahangwa walilala watu wawili, na nzi. Hakuna aliyesimama, nami sikusimama.

Népomuscène alikuwa mkekani, midomo imekauka, aspirini kiganjani. Alikuwa akinisubiri tangu alfajiri, maumivu yakimtafuna. Nikaonja, nikageuka, nikatema.

"Apana," alisema. "Mi natazama koo, si ulimi."

"Mzee, nimefunga."

"Aliyemuletea ndugu yangu pombe naye aliweka mudomoni tu. Tulimuzika kesho yake."

Akaifunga aspirini kwenye ncha ya shuka, akageukia ukuta. Mguu wake ulikuwa ukitetemeka.

Nje jua lilikuwa bado utosini. Siku moja ya funga ningeilipa. Dhambi ya kuivunja kwa makusudi sikujua nitailipaje.

"Nitazame, mzee."

Akageuka. Nikasema Bismillahi, nikainua shingo ili aone vizuri, nikameza.